QGIS kwenye pwani ya Bagamoyo: inafaa, ila mstari wa maji ya bamvua ufuateni kwa miguu

Nimeitumia QGIS, programu ya kompyuta ya kutengeneza ramani, kuchora ramani za hatari za pwani ya Bagamoyo, kuanzia Kaole hadi delta ya Ruvu: maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) yanakofika, mikoko inakokatwa, nyumba zilizosogea mno baharini. Programu ni ya bure, haina leseni ya kulipia kila mwaka, na laptopu yenye RAM ya GB 8 inalimudu eneo hili. Naipendekeza kwa kamati ya mazingira ya kijiji, kwa ofisa wa kata, hata kwa mwenye mabwawa ya chumvi. Ramani zikitoka vibaya, sababu kwa kawaida ni data au mpangilio wa mwanzo.

Anza na koodineti. Bagamoyo iko ukanda wa 37 Kusini wa UTM, mfumo unaopima kwa mita, kwa hiyo weka mradi kwenye EPSG:32737 (EPSG ni namba ya kutambulisha mfumo wa koodineti). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ufukweni kama eneo la kulindwa. Ukiandika 60 kwenye bafa (ukanda wa umbali uliopimwa kutoka kwenye mstari) ya tabaka la ramani lililobaki kwenye EPSG:4326, mfumo wa digrii, unapata digrii 60, na digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111. Kosa hilo afadhali, maana linaonekana mara moja. La hatari ni lile la karatasi za zamani za topografia zilizochorwa kwa Arc 1960, msingi wa zamani wa koodineti. Ukiziingiza kana kwamba ni WGS 84, msingi unaotumiwa na GPS, kila kitu kinasogea kiasi cha mita 300. Zipe kwanza EPSG:21037, ndipo uzihamishe.

Data ya mwinuko wa ardhi ya SRTM itumie kwa vilima tu. Ilipimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, kila kipande ni mita 30 kwa 30, na penye mikoko minene rada ilisoma matawi badala ya udongo. Ukiomba sehemu zote zilizo chini ya mita 3, mikoko ya Ruvu inatokea kavu kama ukuta, na mashamba yaliyo nyuma yake yanazama. Ni kinyume cha hali halisi.

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni nzuri kwa kufuatilia ukataji: mita 10, bure, na setilaiti hurudi kila baada ya siku 5, ingawa mawingu ya masika huharibu nyingi. Linganisha NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) ya miezi ileile ya miaka miwili. Kwa mstari wa maji, hapana, na sababu yake iko kwenye saa. Bahari yetu ya bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Setilaiti nayo hupita kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku zote. Picha ya siku ya bamvua basi huonyesha tope na mchanga mtupu. Picha yenye maji yaliyojaa ni ya maji mafu, ambayo hayapandi juu. Nimeona ramani za mafuriko zikichorwa kwa picha hizo, na watu wakaambiwa wako salama. Hilo linaniuma.

Mstari huo utembee mwenyewe ukiwa na QField, programu ya simu inayofanya kazi na QGIS. Tengeneza tabaka la nukta kwenye faili la aina ya GeoPackage (aina ya zamani, shapefile, hukata majina ya safu yakizidi herufi 10), lenye tarehe, saa, aina ya alama na picha. Pakia ramani ya chini kabla ya kuondoka, usitegemee mtandao. Chagua siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa zaidi. Fika kabla ya saa kumi jioni, ngoja maji yaanze kurudi, kisha fuata mkanda wa mwani na takataka, nukta moja kila mita 20. Penye mkondo ongeza nukta, kwa kuwa maji huingia ndani kupitia huko.

Simu kwenye uwazi hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya mikoko hukosea zaidi, kwa hiyo toka nje ya kivuli uchukue nukta. Kwa sababu hiyohiyo, nyumba inayoangukia kati ya mita 55 na 65 kwenye bafa usiihukumu kwa simu. Ipime kwa futi kamba.