Baa za mtoni Basel: nendeni, ila msiende kwa miguu

Mwezi wa saba nilikuwa kwa dada yangu Uswisi wiki tatu, nimezungushwa milimani, nimepigishwa picha na ng'ombe wenye kengele shingoni, yote sawa, ila ukiniuliza wapi ningerudi kesho nikipewa nauli, ni Basel, kwenye vile vibanda vya vinywaji pembeni ya mto Rhine. Wenyewe wanaviita buvette. Ni baa za msimu, joto likianza zinafunguliwa na baridi ikirudi zinafungwa, na ukipita mchana hamna watu unaweza kudhani ni banda la chipsi tu, kaunta fupi, friji, mashine ya bia, viti vya kukunja, basi. Zipo kadhaa upande wa Kleinbasel, ng'ambo ya lile kanisa lao kubwa jekundu, na ndo upande unaopigwa na jua la jioni. Na hilo jua sasa, saa tatu usiku bado linawaka! Nilikuwa namuuliza dada hawa watu wanalala saa ngapi.

Siku ya kwanza tulienda kwa miguu. Nimekaa zangu kwenye ngazi za mawe na bia yangu naona kichwa cha mtu majini, kinakuja na mkondo taratiiibu, kikasogea ukingoni, akatoka mama wa miaka kama sitini hivi na nguo ya kuogelea, maji yanamchuruzika, begani kaning'iniza mfuko mwekundu wenye umbo la samaki, una jicho kabisa. Akaenda moja kwa moja kaunta bila hata kujifuta uso. Akakunjua mdomo wa yule samaki, akatoa miwani, akavaa, akatoa kadi ya benki, akatoa simu, akatoa gauni, vyote vikavu kama vimetoka kabatini. Akaagiza divai nyeupe. Muuzaji wala hakushtuka, chini ya miguu ya yule mama kadimbwi kanajaa tu. Nyuma yake foleni nzima imelowa.

Huo mfuko unaitwa Wickelfisch. Unatupia nguo zako ndani, unakunja mdomo mara kadhaa, unabana, unaingia nao mtoni. Watu wengine wanatoka kazini hivyohivyo, begi la samaki huyoo, anashuka na maji kuelekea nyumbani au baa, chochote kitakachotangulia.

Sasa mimi nimekulia Ifakara. Kwetu mto ni Kilombero, una mamba na viboko, mtoto unafundishwa kuuogopa kabla hujajua kusoma, na ukiona maji yametulia sana ndo unarudi nyuma. Kwa hiyo dada aliposema kesho tunakuja kwa maji nilimwambia wewe umeshakuwa mzungu, nenda. Nikampigia mama nikamweleza, akauliza swali moja tu, kuna mamba? Hamna. "Basi ingia mwanangu, ila usimwambie baba yako."

Tuliingilia huku juu karibu na jumba la makumbusho la Tinguely, maji nyuzi 23 siku hiyo, ukiingia yanakukata pumzi kidogo halafu unazoea. Kazi yako ni kuelea tu, mto unakubeba wenyewe, mji unapita pembeni kama uko kwenye daladala iliyokosa abiria. Unapita chini ya madaraja, unapita vivuko vyao vya mbao ambavyo havina injini kabisa, vimefungwa kwenye waya uliovuka mto na mkondo ndo unavisukuma ng'ambo (usiwaze pantoni la Kigamboni, hivi vinabeba watu wachache na mbwa wao). Sheria ziko wazi, ukae upande wa Kleinbasel, katikati ni njia ya meli, na meli zenyewe ni yale majahazi marefu ya mizigo yanayokwenda mpaka Rotterdam, hayana mchezo. Nguzo za daraja na maboya kaa navyo mbali. Na kama hujui kuogelea usiingie, huo mfuko sio boya, usidanganywe na watu wanaoulalia.

Kosa nililofanya ni kushangaa. Dada kashaanza kusogea ukingoni mapema, mimi naangalia majengo, nakuja kustuka baa ile pale, bia nazinusa, shemeji ananipungia mkono kwenye ngazi, na mto haunijali, unanipitisha hivi naiona baa inaondoka. Nikaja kutokea ngazi za mbele huko. Ndala nilikuwa nimeacha nyumbani kwa ujanja wangu. Nikarudi peku juu ya mawe yaliyopigwa jua kutwa, narukaruka kama nacheza mdumange, watu wananipigia makofi. Kwa hiyo ndala ziweke kwenye samaki, na anza kusogea ukingoni wakati unaona bado mapema.

Ila ile bia ya pili asee. Ya jana yake ilikuwa bia ya kawaida, tena ghali. Hii nimekaa nimelowa, jua mgongoni, miguu inawaka, sijui waliiweka nini.

Bei ndo tuongee. Nililipa faranga 7 bia moja, hiyo ni kama elfu ishirini na kitu ya kwetu, kwa hela hiyo Dar unalewa na jirani yako. Dada hanywi pombe akanywa Rivella, soda inayotengenezwa na maji ya maziwa yanayobaki wakishatengeneza jibini, nilionja kwa woga ikawa tamu tu. Maji msinunue, mabomba na chemchemi za mitaani ni salama kunywa na ni bure. Chakula sikusifii, kibanda kimoja saa mbili usiku chipsi zimeshaisha, na choo foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya bia. Nyigu nao wanapenda vinywaji vitamu, funika glasi.

Halafu vikombe, kila kinywaji unaachia faranga 2 za dhamana, ukirudisha kikombe unarudishiwa. Siku ya kwanza sikujua nikaviacha vitatu ukingoni, vikabebwa na kijana mmoja mwenye bidii. Siku ya mwisho kimoja nilikitia kwenye samaki makusudi, ninacho hapa Dar nanywea chai ya tangawizi, hizo faranga 2 wakae nazo.