Kamera ya Google Translate dukani ughaibuni: inasoma nini, inakosea wapi

Kwa mgeni asiyejua lugha ya nchi aliyohamia, shida dukani ni kujua kilicho ndani ya pakiti aliyoishika. Kamera ya Google Translate ni ya bure na kwa kazi hiyo inatosha. Kwa viambato na tarehe, haitoshi.

Pakua lugha ya huko kabla hujatoka nyumbani, maana maduka ya ghorofa za chini mtandao wake husuasua. Tafsiri ya nje ya mtandao ni dhaifu kidogo, lakini ni bora kuliko kuzungusha simu hewani ukitafuta mtandao.

Ukikifahamu Kiingereza au Kifaransa, tafsiria huko. Kiswahili chake mara nyingi hakipambanui: krimu ya kupiga, krimu chachu na krimu ya kahawa zote zaweza kutoka "krimu" tu. Hapo achana na maneno, tazama tarakimu. Yenye mafuta asilimia 30 na kuendelea hupigika ikashika povu; ya asilimia 10 utaipiga mpaka mkono ufe ganzi.

Usisome maneno yakiwa yanachezacheza kwenye kioo. Piga picha kwanza, ndipo usome. Kopo la mviringo lisome kwa vipande vitatu ukilizungusha, kwa sababu herufi za pembeni hupinda. Mfuko unaong'aa uinamishe kidogo. Ukiwasha tochi unauongezea mng'ao. Zinazosumbua kuliko zote ni pakiti nyembamba. Neno refu likikatwa mwishoni mwa mstari, programu hulisoma kama maneno mawili, na kikanushi kikiachwa peke yake juu, "isiyo na maziwa" yaweza kubaki "maziwa". Ubaya wa kosa hili ni kwamba sentensi inayotoka husomeka vizuri kabisa, hata hushtuki.

Mwenye mzio ana kazi zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, vitu 14 vinavyoleta mzio lazima vitofautishwe ndani ya orodha ya viambato, kwa kawaida kwa herufi nene. Tafsiri inayobandikwa juu ya picha mara nyingi huufuta unene huo. Basi anza na lebo yenyewe, tafuta maneno manene, kisha yaandike moja moja kwenye programu. Usiishie kwenye orodha: onyo kwamba bidhaa huenda ina chembechembe za karanga au maziwa mara nyingi hukaa nje yake, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Kwenye tarehe ndiko programu inakopoteza alama nyingi. Kuna tarehe ya ubora na kuna tarehe ya usalama, na zote mbili zaweza kutoka "tumia kabla ya". Ufaransa, "à consommer de préférence avant" ni ya ubora: biskuti zikipitisha wiki hazina neno, labda zimelegea tu. "À consommer jusqu'au" ni ya usalama, na nyama mbichi iliyoipita ni ya kutupwa. Ujerumani jozi hiyo ni "mindestens haltbar bis" na "zu verbrauchen bis". Kariri maneno haya, ni machache. Mpangilio wa tarakimu nao hubadilika: 04/07 Marekani ni tarehe 7 Aprili, Ulaya ni tarehe 4 Julai.

Jambo jingine ambalo kamera hailijui ni rafu. Chumvi ya mashine ya kuoshea vyombo inaweza kutafsiriwa "chumvi maalumu", tafsiri sahihi kabisa, na pakiti yake ni nyeupe na safi kama ya chumvi ya mezani. Inua macho uone jirani zake: ikiwa imepangwa pamoja na sabuni, hiyo si ya kutia kwenye mboga.