Tufe kubwa lenye uwazi ndani: nunua kalibu, usinunue tufe

Ukitaka tufe la kutengenezea dunia ya darasani, taa ya kuning'iniza au pambo la ukumbi, usianze kwa kuulizia tufe lenyewe madukani. Yale ya plastiki angavu ya mapambo mengi ni madogo, na makubwa bei yake hailingani na kazi ya mikono. Kuanzia sentimita 40 kwenda juu, nunua kalibu, yaani kitu cha duara cha kubandikia juu yake, kisha gamba ulitengeneze mwenyewe kwa magazeti na uji wa unga wa ngano.

Namba moja, bila ubishi, ni mpira wa mazoezi, ule mkubwa wa kukalia. Hupatikana wa sentimita 55, 65 na 75, haubonyei ovyo, na kazi ikiisha unautoa upepo ukautumia tena. Hata wa mtumba unafaa mradi haupumui. Ujaze mpaka ufikie kipimo chake: wa 65 unatakiwa uwe na mzingo wa sentimita 204 hivi. Futi ya fundi cherehani huishia 150, kwa hiyo zungusha kamba kisha uipime. Uweke juu ya beseni, upake mafuta ya mgando, bandika vipande vya gazeti tabaka mbili, uache vikauke kabisa ndipo uongeze. Mpira haupitishi hewa, hivyo tabaka nene hubaki bichi kwa ndani na kuota ukungu, hasa Pwani. Kaushia kwenye feni. Juani upepo wa ndani hutanuka na gamba likapasuka. Mwisho acha tundu la upana wa kisosi la kuutolea mpira. Kwenye dunia tundu hilo huangukia Antaktika, likafichwa na kigoda.

(Kwenye dunia ya ukubwa huo usihangaike kuinua milima. Kilimanjaro yenye mita 5,895 itatoka milimita 0.3; makunyanzi ya gazeti lako yanaizidi.)

Namba mbili ni mpira wa ufukweni. Bei yake ni nafuu kuliko wa mazoezi, lakini soma kipimo kwa jicho kali: kwa kawaida hupimwa ukiwa bapa, haujajazwa. Ulioandikwa sentimita 60 ukijaa hupata kipenyo cha kama 38 tu.

Puto naliweka la tatu. Kwa taa ya uzi uliochovywa kwenye gundi ya mbao ni zuri, kwa sababu unalitoboa na kulivuta nje kati ya nyuzi. Kwa dunia halifai: hurefuka kuelekea mdomoni, na usiku upepo ukipoa hunywea kabla gamba halijashika.

Taa za karatasi za Kichina ni tufe tayari, ila huonyesha mbavu za waya na hazibebi uzito. Chukua kama pambo ni la siku moja. Kibuyu ni kigumu na kizuri kwa taa ya kutoboatoboa, ila kukipata cha duara kamili ni bahati.

Kitu cha kukaa nje mvuani, sahau karatasi. Mwone fundi wa kuchomelea akupindie pete za chuma, na mzipime zote kabla hajaziunganisha. Moja ikizidi sentimita mbili, umenunua yai.