Ramani inayojua matuta: OsmAnd ndani ya gari la keki

Mimi huoka keki mtaa wa Umoja, Nairobi, na kuzipeleka mwenyewe kwa wateja. Kuoka nimekuzoea. Kupeleka ndiko kunakoninyima usingizi, kwa sababu keki ikishatoka jikoni bado ina kilomita 10, 20, hata 30 za kukaa nyuma ya Probox, na kila tuta la Nairobi linaisubiri. Keki ya harusi ya ghorofa tatu ina vijiti ndani vya kubeba uzito, lakini hakuna kijiti kinachoweza kuiokoa ukilipanda tuta kwa kasi ya 40. Kwa hiyo programu ya kuelekeza njia naipima kwa jambo moja tu: keki imefika imesimama, au imefika imelala.

Nianze na ile iliyolala. Ilikuwa Desemba, msimu wa harusi, napeleka Karen. Programu niliyokuwa nikitumia wakati huo, sitaitaja jina, iliniambia niache barabara kuu niokoe dakika nne. Nikaitii. Ikaniingiza mtaa wa ndani wenye matuta ambayo wenyeji wameyajenga wenyewe kwa mawe na udongo, hayana rangi wala kibao, kisha lami ikaisha, nikawa kwenye murram iliyochimbika kwa mvua. Nikakosea njia panda moja. Ilipotaka kuhesabu njia upya, bando yangu ilikuwa imekwisha, skrini ikabaki tupu na kamshale kangu katikati ya weupe. Nilifika nimechelewa. Shangazi ya bibi harusi akafungua mlango wa nyuma wa gari, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, ndivyo ilivyopaswa kukaa?" Nilipiga magoti kwenye nyasi za watu dakika arobaini nikiziba nyufa kwa aisingi ya akiba. Ile keki iliendelea na sherehe, lakini nilirudisha sehemu ya pesa, na sijaisahau sura ya yule shangazi.

Mteja wangu mmoja huwapeleka watalii Samburu na Turkana, mahali ambapo mtandao wa simu hukatika kwa saa nzima. Ndiye aliyenionyesha OsmAnd, programu ya ramani inayoelekeza njia bila mtandao. Nimeitumia miezi minane sasa, karibu kila Ijumaa na Jumamosi, na nina ya kusema.

Kwanza inavyofanya kazi, maana hapo ndipo ilipo nguvu yake. Unapakua ramani ya Kenya nzima mara moja, faili moja la mamia ya megabaiti. Mimi nilitumia Wi-Fi ya dada yangu. Baada ya hapo njia zote zinahesabiwa ndani ya simu yako. Watu wengi huamini kwamba GPS inakula bando. Haili. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, na kupokea hakuna malipo. Kinachokula bando ni kuvuta picha ya ramani. Ramani ikiwa tayari mfukoni, unaweza kuzima data kabisa ukatoka Umoja hadi Limuru huku ukielekezwa kila kona. Zile Jumamosi ambazo sina hata shilingi hamsini ya bando, hilo si jambo dogo.

Ramani yenyewe ni ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao watu wa kujitolea duniani kote wanachora barabara, njia za miguu, mageti na visima vya maeneo yao. OsmAnd ilianza 2010 kama njia ya kuitumia ramani hiyo barabarani. Ina toleo la bure, lenye kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kupakua, na la kulipia. Mwenye kuzunguka Kenya pekee, la bure linamtosha.

Sasa matuta. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya tahadhari, na kati ya tahadhari hizo kuna matuta. Ukiiwasha, simu inakuonya kwa sauti kabla hujafika, mradi tu tuta liwe limechorwa kwenye ramani. Siku ya kwanza kuisikia nilikuwa nateremka mtaani Donholm usiku, mvua inanyesha, taa za barabarani zimezima. Sauti ikasema, nikakanyaga breki taratibu, na tuta likapita chini ya magurudumu kama mtu anayepita sebuleni mtoto akiwa amelala. Nyuma kulikuwa na keki ya kuzaliwa yenye maua ya sukari yaliyonichukua siku mbili. Nilishukuru kwa sauti, peke yangu ndani ya gari.

Kuna pia chaguo la kuepuka barabara zisizo na lami. Hilo naliacha limewashwa daima. Njia inakuwa ndefu zaidi wakati mwingine, na mimi nakubali urefu. Anayepeleka hati au chakula cha moto atachagua vinginevyo, lakini mwenye keki, mayai au vioo ataelewa ninachosema.

Barabara ya kulipia nayo ina chaguo lake. Nairobi Expressway, ile ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imeinuliwa juu ya barabara za zamani katika sehemu ya safari yake. Hapo programu yoyote ina tatizo la kimaumbile: setilaiti huijulisha simu mahali ilipo kwenye ramani vizuri kuliko inavyoijulisha iko juu kiasi gani, kwa hiyo simu iliyo Expressway na iliyo chini yake Mombasa Road huonekana kama ziko sehemu moja. Dawa yangu ni kuamua kabla ya kuwasha gari. Mteja akilipia usafiri wa haraka, naruhusu barabara za kulipia, asipolipia, nazizuia. Na nikiwa na keki ya ghorofa tatu ya kupeleka Westlands, nalipa mwenyewe, kwa kuwa kule juu hakuna tuta hata moja.

Anwani ndiyo sehemu inayotaka subira. Sisi Nairobi hatuna anwani, tuna maelezo. "Shuka Taj Mall," na jumba lenyewe lilibomolewa 2018. "Pita Nakumatt ya zamani." "Geti jeusi, mkabala na mama mboga," na huyo mama mboga Jumapili hafungui. Ukiandika maneno kama hayo kwenye kisanduku cha kutafutia usitarajie muujiza. Mimi huwaomba wateja wanitumie mahali walipo kwa WhatsApp, kisha nachukua zile namba za latitudo na longitudo na kuzibandika OsmAnd, inazielewa. Angalizo moja ambalo ningependa kila dereva wa Nairobi alijue: namba ya kwanza ina alama ya kutoa mbele yake, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Katikati ya jiji ni kama -1.29, 36.82. Ukiiacha hiyo alama, unaelekezwa kaskazini mwa ikweta kwa umbali uleule, na utajikuta unapewa njia ya kwenda Samburu, si mbali na Maralal. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tazama jumla ya kilomita. Ukiona mia tatu na kitu kwa safari ya Kilimani, rudi kwenye namba.

Kibera nataka niizungumzie kwa kirefu kidogo. Mwaka huu nilipata oda ya keki ya kipaimara, ndani, mbali na barabara ya magari. Niliacha gari Olympic, nikabadilisha programu kutoka gari kwenda mtembea kwa miguu, nikabeba sanduku mikononi huku simu ikininong'oneza kwenye sikio moja. Vichochoro vilikuwepo. Vya kweli, na pale kichochoro kilipogawanyika ndipo ramani ilipogawanyika. Kulikuwa na vyoo, shule, mabomba ya maji, kanisa nililoambiwa nigeuze hapo. Kabla ya 2009 Kibera kwenye ramani nyingi ilikuwa pengo tu, doa lisilo na barabara, ingawa watu wengi namna ile wanaishi pale. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walichukua vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro kimoja kimoja na kuviweka kwenye OpenStreetMap, katika mradi ulioitwa Map Kibera. Nilipokuwa nageuka kwenye lile kanisa na sanduku langu, nilikuwa nafuata nyayo za mtu aliyepita pale akiandika, ili siku moja mgeni asipotee. Mama wa mtoto alinipokea mlangoni akashangaa: "Umefikaje bila kunipigia simu?"

Sasa jambo ambalo haifanyi, na ulijue mapema. OsmAnd haikuonyeshi msongamano wa saa hii. Hilo linahitaji simu za maelfu ya watu kutuma habari zao kila dakika, nayo haijajengwa hivyo. Safari zako zinabaki kwenye simu yako. Matokeo yake, muda inaokuambia ni wa barabara iliyo wazi. Jogoo Road saa kumi na moja jioni si barabara iliyo wazi. Mimi huongeza nusu ya muda siku ya kawaida, na mara mbili Ijumaa ya mwisho wa mwezi au mvua ikinyesha. Kabla ya kutoka nasikiliza redio, na nampigia kaka yangu ambaye huendesha matatu. Akiniambia barabara fulani imefurika, naigusa kwenye ramani na kuiambia programu iiepuke, nayo inatafuta nyingine. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 sikuwa nayo bado, na nafikiria mara nyingi ingenisaidia namna gani. Kama kazi yako ni teksi, na kila dakika unauliza foleni iko wapi, hii peke yake haitakutosha. Tumia yenye habari za foleni na uweke hii kama akiba bando likiisha.

Sauti inaazimwa kutoka kwenye simu yako, kwa hiyo ubora wake unategemea simu. Mimi nimeiacha Kiingereza na kuizima isitaje majina ya barabara, kwa kuwa sauti ya simu yangu ikikutana na Muindi Mbingu ama Ngong inachanganya kuliko kusaidia. "Pinda kushoto baada ya mita 200" yanatosha. Betri: kuna mpangilio wa kuzima skrini na kuiwasha yenyewe kona inapokaribia. Tumia huo. Na simu ikae kwenye kishikilio. Kuishika mkononi ukiendesha ni kosa la sheria, na pia ni hatari.

Menyu ni nyingi. Mtu anayefungua mara ya kwanza ataona vitufe vingi kuliko anavyohitaji. Jipe jioni moja, kaa na chai, pitia sehemu ya gari pekee: kuendesha upande wa kushoto, epuka barabara zisizo na lami, tahadhari za matuta na kikomo cha kasi. Ukimaliza hapo, zilizobaki ziache.

Jambo ambalo limenifanya niipende kweli ni kwamba ramani ikiwa na kasoro, sihitaji kulalamika hewani. Kuna programu-jalizi, yaani kiongezo, ya OpenStreetMap ndani yake. Naweka alama mahali, naandika ujumbe mfupi, na wachoraji wa kujitolea wanauona. Mwezi wa tatu niliandika kwamba barabara fulani ya Umoja nyuma ya soko ina matuta matatu mapya ambayo hayamo. Sikutegemea kitu. Ramani za bure husasishwa kila mwezi, na niliposasisha yangu mwezi uliofuata nikapita pale na keki ya mahafali, sauti ikaniambia. Tuta la kwanza, la pili, la tatu. Nilisimamisha gari pembeni. Sijui ni nani aliyeyaweka, lakini alisoma neno langu mimi, muoka keki, akaliamini.

Tangu siku ile nina tabia mpya. Nikimaliza kukabidhi keki, kabla ya kuwasha gari kurudi, naandika nilichokiona njiani. Jumamosi iliyopita ilikuwa ukumbi mmoja wa Syokimau: geti la mbele lina ngazi saba, magari ya mizigo yanaingilia nyuma, na kabla ya hilo geti la nyuma kuna mtaro usio na kifuniko upande wa kulia.