From: mazimwi yanayobisha hodi

Tamthilia hii ya Marekani, iliyoanza 2022, ina mazimwi yasiyokimbia. Usiku yanatembea polepole, yanatabasamu, yanagonga dirisha na kuomba kwa upole yafunguliwe. Hapo ndipo niliponywea kwenye kiti. Ukijaribu kuondoka kwenye mji ambamo wahusika wamekwama, barabara inakurudisha pale pale, na kinga dhidi ya mazimwi ni hirizi ya jiwe iliyotundikwa ndani ya nyumba. Harold Perrineau, yule Michael wa tamthilia ya Lost, ndiye Boyd, sherifu (mkuu wa usalama) wa mji. Uchovu wa sauti yake unabeba hata matukio dhaifu. Ila wahusika wengine, jamani! Mtu anagundua jambo linaloweza kuwaokoa wote, halafu anakaa nalo kimya. Kuulizana tu hawawezi? Msimu wa kwanza una sehemu 10. Mimi niliziangalia mchana.