Db2 data sharing kwenye meinfremu mbili: imara, ila chunga makufuli

Anayetaka kanzidata iendelee hata meinfremu kuu ikizimika, Db2 (kanzidata ya IBM) ya z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu, ndani ya Parallel Sysplex (meinfremu kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) ndiyo ya kuchukua. Hakuna mashine inayokaa bure ikisubiri zamu: wanachama wa kundi, yaani Db2 zinazoendeshwa kwenye mashine hizo, hadi 32, husoma na kuandika data ileile, na mmoja akianguka wenzake wanaendelea.

Kinachoangusha mipango mingi ni makufuli, yaani alama zinazozuia wengine kugusa data inayobadilishwa. Mwanachama aliyekufa katikati ya muamala huacha kurasa (vipande vya data) alizokuwa akizibadilisha zimefungwa. Mashine ya pili iko hai na nafasi inayo, lakini ombi linalogusa kurasa hizo hurudi na -904, kosa la rasilimali kutopatikana. Tena RETLWAIT, mpangilio wa muda wa kusubiri makufuli kama hayo, huja ikiwa 0, kwa hiyo halisubiri hata kidogo. Dawa ni kuiwasha Db2 iliyokufa, popote pale, ibatilishe miamala iliyokatika. Kwenye sera ya ARM, huduma ya z/OS inayowasha upya programu zilizoanguka, andika njia mbili. Ikifa Db2 peke yake (ELEMTERM), iwashwe palepale kama kawaida. Ukifa mfumo mzima (SYSTERM), iwashwe kwenye mashine ya pili kwa LIGHT(YES): hutumia kumbukumbu kidogo, huachia makufuli, kisha hujizima. Halafu piga amri ya DISPLAY GROUP, inayoonyesha hali ya kila mwanachama. Ukiona bado FAILED, kazi haijaisha.

Kosa la gharama kubwa zaidi ni kuweka muundo wa makufuli (rekodi ya makufuli ya kundi) kwenye Coupling Facility (kumbukumbu ya pamoja ya sysplex) iliyo ndani ya mashine ileile inayoendesha Db2. Mashine hiyo ikizimika, muundo na mwanachama hupotea pamoja. Waliobaki hawawezi kuujenga upya, maana sehemu ya taarifa ilikuwa kwa aliyekufa, na kundi zima huanguka. Tumia Coupling Facility iliyo nje, au weka nakala mbili za muundo. Nakala hizo zilikuwa zikichelewesha kila ombi la kufuli. Tangu Db2 12 zinaweza kwenda bila kusubiriana, na nafuu yake ni kubwa.

Diski hazilindwi na haya yote. Hizo ni kazi ya Metro Mirror, inayonakili kila uandishi papo hapo kwenye diski za pili, na HyperSwap, inayohamishia kazi kwenye diski hizo; na kila kilomita 100 za umbali huongeza takriban milisekunde 1 kwa kila uandishi.

Prosesa za akiba za CBU (Capacity Backup), zinazowashwa kwenye mashine ya pili wakati wa dharura, huruhusiwa siku 10 kwa jaribio na siku 90 kwa janga lenyewe. Siku hizo 10 usizipoteze kwa STOP DB2, amri ya kuzima Db2 kwa utaratibu. Uzimaji wa adabu hauachi kufuli hata moja, hivyo jaribio litafaulu bila kupima chochote. Ripua LPAR (sehemu ya meinfremu inayoendesha mfumo wake) kutoka HMC, kompyuta ya kusimamia meinfremu, wakati bechi (kazi za mafungu) inaandika.