Sony ICD-PX470 kwa kazi ya kumrekodi babu

Vipo vinasa sauti bora kuliko hiki. Zoom H1n, kwa mfano, inanasa sauti safi zaidi. Lakini maikrofoni zake zimejitokeza kileleni ndani ya kizimba, na mzee akiiona mbele yake huanza kuhutubia. PX470 ni nyembamba, nyeusi, haina madoido. Ukiiweka mezani kando ya kikombe cha chai, dakika kumi hazipiti babu ameshaisahau na ameanza kuzungumza na wajukuu wake kama kawaida yake. Kwa kazi hii, hilo ni kubwa kuliko usafi wa sauti.

Inatumia betri mbili ndogo za AAA. Weka alkalaini. Zile za bei chee zilizoandikwa “Heavy Duty” hazifai. Zinakata katikati ya maneno. Ina memori ya ndani ya GB 4 na nafasi ya kadi ya microSD hadi GB 32. Kuweka kadi peke yake hakutoshi: lazima uingie kwenye menyu uchague kurekodi kwenye kadi, la sivyo itaendelea kujaza memori ya ndani huku kadi ikikaa tupu. Na kadi feki ni nyingi, zinajitangaza GB 32 na ndani hazifiki nusu. Ijaze kwanza kwa mafaili yoyote, kisha uyafungue ya mwisho uone kama yanacheza.

Jambo la kwanza ni saa na tarehe. Kila faili hupewa jina kwa tarehe na saa ya kurekodi, na betri zikikaa nje muda mrefu saa inapotea. Mtu asiyeliangalia hili huishia na rundo la mafaili yenye tarehe za uongo, asijue babu alisema lipi kwanza.

Jambo la pili ndilo linaloharibu rekodi nyingi: VOR, yaani kurekodi kunakojiwasha sauti ikisikika na kusimama kukiwa kimya. Izime. Wazee hunyamaza wakitafuta jina la mtu au la kituo, na mashine inauchukulia ukimya huo kuwa mwisho wa mazungumzo. Anaporudi kusema, silabi za kwanza zimeshaliwa. Unabaki na babu aliyekatwakatwa, asiyevuta pumzi.

Kwa ubora, chagua LPCM, yaani sauti isiyobanwa. Saa moja hula takribani MB 635, kwa hiyo memori ya ndani itabeba saa tano hivi na kadi ya GB 32 karibu saa 50. MP3 ya 192 kbps hula MB 86 tu kwa saa na kwa sauti ya mtu inatosha kabisa, ila nakala ya asili ni vizuri ibaki LPCM. Ukishabonyeza kitufe cha kurekodi, sukuma swichi upande wa HOLD ili mjukuu mdogo asiizime kwa kuichezea.

Iweke umbali wa sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, juu ya kanga iliyokunjwa. Ikilala juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama nyundo. Isishikwe mkononi, maana vidole vinakwaruza. Zima feni na redio. Chini ya bati mvua ikianza, acha. Hakuna kichujio kitakachookoa hapo. Nje, upepo ni adui mkubwa kuliko jogoo. Jogoo hamzuii mtu kueleweka.

Ubaya wake? Spika yake ni ndogo, na babu mwenye masikio mazito hataisikia sauti yake mwenyewe. Chomeka spika ya nje kwenye tundu la vipokea sauti vya masikioni. Ukipandisha sauti sana utasikia mvumo mwembamba nyuma. Wa kunukuu maneno, hata hivyo, watafurahia uwezo wake wa kupunguza kasi na kurudia kipande kimoja.

Kinachobaki ni maswali, na hapo mashine haina msaada. “Babu, tueleze maisha yako” huleta hotuba ya dakika tano na wosia wa kusoma kwa bidii. Uliza vitu vya kushikika. Kama alijenga reli ya TAZARA, uliza: wiki ya kwanza kambini mlilala wapi? Nani alipika? Na Wachina mlielewana vipi? Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Mwaka usipokuja kichwani, usimlazimishe, mpe vigingi. Ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, 1961? Reli ilikuwa imeshakabidhiwa, 1976? Ni wakati wa Vita vya Kagera, au wa foleni za sukari na sabuni miaka ya themanini mwanzoni? Kwa babu wa Kenya, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 ni kigingi kizuri. Akihamia lugha yake ya mama, mwache aendelee, mtatafsiri baadaye. Dakika 45 kwa kikao zinatosha. Ukizidisha, majibu yanafupika.

Kama una simu nzuri na mzee yuko nawe kwa alasiri moja tu, usinunue kitu. Iweke simu katika hali ya ndege, hakikisha ina nafasi, fuata hayo ya kanga na feni. Kinasa sauti kina faida pale unapokusudia kukiacha nyumbani kwa babu kwa miezi, shangazi au binamu wakikibonyeza jioni mzee anapochangamka.

Wakati wa kutoa mafaili, itokeze plagi ya USB iliyojificha ndani ya kinasa, ichomeke kwenye kompyuta, nakili humo, kisha kwenye diski ya pili inayokaa nyumba nyingine. Usifute chochote kwenye kadi kabla ya kusikiliza nakala zote mbili. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tengeneza MP3 uitume kama dokumenti. Wengi huicheza kwenye spika na kuirekodi upya kama ujumbe wa sauti, na hapo sauti ya babu inafika imechujuka.